Mbeya Maji Hayafiki 100: Kwa Wanaoanza Kazi ya Rojo la Machungwa

Nimefanya kazi ya kusindika matunda hapa Mbeya kwa miaka kumi na mmoja, na saba kati ya hiyo nimekuwa kwenye rojo la machungwa, machenza na malimau tunalouzia viwanda vya vinywaji. Kila msimu naletewa vijana wapya. Wengine wametoka chuoni na vyeti vyao. Wengine walikuwa wanauza juisi sokoni Mwanjelwa na wanalijua tunda kwa mkono kuwazidi waliosoma. Karibu wote huniuliza swali lilelile siku ya kwanza: "Dada, dawa ya kuhifadhi tunaweka kiasi gani?" Naandika haya kwa sababu hilo ni swali la mwisho. Ukianza nalo utaharibu mali ya watu, kama mimi nilivyowahi kuiharibu.

Tuelewane kwanza tunaposema rojo. Ukilimenya chungwa na kulipasua kipande kimoja, utaona ndani yake vifuko vidogo vidogo vimejaa maji. Sisi kiwandani tunaviita vinyama, na rojo ni vinyama hivyo vikishatenganishwa na juisi. Vinavyobaki vizima baada ya kukamua huelea juu ya juisi, na vinavyosagika huzama chini na kuwa kama uji mwepesi. Hizo ni bidhaa mbili tofauti. Mwenye kiwanda cha juisi "yenye vinyama" anataka vinavyoelea, ili mnywaji avikute ulimini. Anayetengeneza kinywaji cha kuongezwa maji na sukari mara nyingi anataka vile vilivyosagika, vikipe kinywaji chake uzito na ule weupe wa ukungu unaomfanya mtu aone kuwa hili ni tunda kweli. Muulize mteja anataka kipi kabla hujaanza kukamua. Ukishasaga huwezi kurudisha.

Na kwa nini kiwanda kikubwa kinunue vinyama peke yake? Kwa sababu juisi inapopunguzwa maji ili iwe nzito na kusafirishwa, vinyama lazima vitolewe kwanza, la sivyo vinaganda kwenye mitambo na kuungua. Baadaye juisi inaporudishiwa maji, vinyama vinarudishwa pia. Hapo katikati ndipo sisi tunapopata riziki. Rojo si makapi, na ukiwasikia wenzako wanaliita makapi, wasahihishe kwa upole, maana mtu hulinda kile anachokiheshimu.

Sasa tunda lenyewe. Machungwa yetu mengi yanatoka mbali. Ya Muheza yanasafiri kupitia Morogoro na Mikumi, yanapanda mlima Kitonga, yanavuka Iringa na Makambako ndipo yanafika kwetu. Kitonga lori likikwama, mzigo unakaa juani na machungwa ya chini yanabanwa na ya juu. Ya Kyela yako karibu zaidi, ila hayaji kwa wingi wa kutosha. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya asubuhi ni kuchambua, na naomba usiidharau. Samaki mmoja akioza ni mtungi wote, na chungwa moja lenye ukungu ukiliingiza kwenye mashine linaacha ladha ya vumbi kwenye bechi nzima. Lililopasuka ganda nalo liondoe, kwa sababu hamira za porini zimeshaingia ndani na zimeshaanza kula sukari.

Usihukumu kwa rangi. Machungwa ya ukanda wa joto hubaki na ganda la kijani hata yakiwa yameiva kabisa, kwa sababu ganda linahitaji usiku wa baridi ili ligeuke rangi. Nimeona kijana akirudisha lori zima la machungwa matamu kwa kuwa yalikuwa ya kijani, akakubali mengine ya njano yaliyokuwa makavu ndani. Chukua machungwa kumi kutoka pembe mbalimbali za mzigo, kamua, weka tone kwenye refraktomita, kile kifaa cha kupimia sukari. Juisi ya chungwa lililoiva vizuri husoma kati ya 10 na 12 kwenye kipimo cha sukari kiitwacho Brix. Kisha pima asilimia ya asidi, ugawanye Brix kwa asilimia hiyo. Jibu likishuka chini ya 10, juisi ni kali na mteja ataisikia. Na refraktomita uisafishe kwa maji safi yasiyo na chumvi na uhakikishe inasoma sifuri kila asubuhi, hasa miezi ya Juni na Julai ambapo chumba kinakuwa na baridi kali kabla ya jua kutoka.

Kuosha ni mara tatu. Maji ya kwanza yanatoa udongo. Ya pili yana klorini: mililita 3 za dawa ya klorini ya asilimia 3.5, isiyo na manukato, kwa kila lita ya maji, ambayo inakupa kama miligramu 100 za klorini kwa lita. Ya tatu ni maji safi ya kusuuza. Ukiyaweka machungwa yenye udongo moja kwa moja kwenye klorini, udongo unaila klorini yote na tunda linabaki na vijidudu vyake. Kuna bakteria mmoja anayekaa udongoni, anayestahimili asidi ya machungwa, na mbegu zake hazifi kwa joto tunalotumia sisi. Hachachishi wala havimbishi ndoo. Anachofanya ni kuacha harufu ya dawa ya hospitali, na utaigundua pale mteja anapofungua. Dawa yake ni mbili tu: udongo usiingie, na rojo lipoe haraka, kwa sababu bakteria huyu hupenda joto la kuanzia nyuzi 25 hivi na kuendelea. Hapo baridi ya Mbeya inatusaidia sana, na ni jambo ambalo wenzetu wa pwani wanatuonea wivu.

Kukamua nako kuna siri yake. Uchungu wa chungwa haupo kwenye vinyama. Uko kwenye ule utando mweupe chini ya ganda na kwenye kokwa. Ajabu yake ni kwamba hauonjeki papo hapo. Ndani ya utando kuna kitu kisicho na uchungu wowote, ila kikikutana na asidi ya juisi kinageuka polepole kuwa limonini, na limonini ni chungu hata ikiwa kidogo mno. Joto linaharakisha mageuzi hayo. Kwa hiyo unakamua saa mbili asubuhi, unaonja, tamu. Unapasha, unajaza ndoo, unalala. Kesho yake ni kama umeweka mwarobaini. Ndiyo maana mimi siamini kuonja wakati wa kukamua. Chemsha kikombe kimoja cha juisi ya mzigo mpya, kiache kipoe, kionje baada ya saa kadhaa na tena kesho asubuhi, kabla hujakubali kununua lori la pili kutoka shamba hilo.

Mashine ya kusagia maembe usiitumie kwa machungwa yenye maganda. Itasaga kila kitu pamoja: utando, kokwa na mafuta ya ganda. Yale mafuta yanayokurukia jichoni unapomenya ni mazuri yakiwa kidogo, ndiyo yanayotoa harufu ya chungwa. Yakizidi yanaunguza midomo, na yakikaa na hewa kwa wiki kadhaa yanaanza kunuka kama rangi ya kupakia milango. Kata chungwa katikati, likamue kwa kichwa kinachozunguka, na usikandamize hadi kwenye nyeupe. Unapoteza juisi kidogo, unaokoa rojo lote. Baada ya hapo pitisha kwenye chujio lenye matundu makubwa linalozuia kokwa na vipande vya utando, kisha chujio la matundu madogo linalotenganisha vinyama na juisi. Mwagia vinyama kwenye trei nyeupe chini ya taa nzuri na uokote kwa mkono kila kokwa iliyovunjika, kila kipande cha ganda, kila doa jeusi. Viwanda vikubwa vina mitambo inayozungusha rojo ili vizito vitengane na vyepesi. Sisi tuna macho ya kina mama wanne ambao nawaamini kuliko mtambo wowote, na ambao huyapumzisha macho yao kila baada ya nusu saa kwa kubadilishana nafasi. Vyombo vyote viwe vya chuma cha pua. Sufuria ya alumini au ndoo ya bati vinaliwa na asidi, na chuma kikiingia kwenye rojo kinaliondolea vitamini C na kulitia rangi ya kahawia.

Nimefika sasa kwenye joto, na hapa nakuomba usome taratibu.

Mtu mgeni hudhani tunapasha rojo ili kuua vijidudu. Ni kweli, lakini kwa machungwa hilo ndilo jambo rahisi. Juisi ya chungwa ina pH (kipimo cha asidi; namba ikishuka, ukali unapanda) kama 3.5 hadi 4, ya limau iko chini zaidi, karibu 2.5. Katika asidi hiyo vijidudu vingi vya hatari haviwezi kukua. Wanaobaki ni hamira, ukungu na bakteria wachache wa uchachu, na hao nyuzi 75 tu zinawamaliza wengi. Adui mkubwa zaidi ni kimeng'enya, kichocheo cha asili kilichomo ndani ya chungwa lenyewe, na kimejishikiza hasa kwenye vinyama. Kazi yake ni kuibadilisha pektini. Pektini ndiyo inayoishikilia ile hali ya ukungu kwenye juisi isitue chini. Ikishabadilishwa, inashikamana na kalisi (kalsiamu) na kujikusanya. Kwenye juisi utaona maji ya juu yamekuwa maangavu kama chai ya rangi na uchafu umetuama chini. Kwenye rojo zito inakuwa mbaya zaidi: linaganda mabonge kama ugali uliolala. Na ukiwa unatumia maji ya kisima yenye chumvichumvi nyingi za kalisi, mabonge yanakuja upesi zaidi.

Kimeng'enya hiki ni kigumu kuliko hamira. Nyuzi 75 zinakiacha hai. Kinahitaji nyuzi 90 kwenda juu, na joto hilo likae walau dakika moja nzima mahali penye baridi kuliko pote ndani ya chombo. Kwetu tunakaa dakika mbili. Ndiyo maana rojo linahitaji joto kali kuliko juisi iliyochujwa. Ndani ya rojo kimeng'enya kiko kingi, na joto linapenya kwa shida kwa sababu vinyama havitembei kama maji.

Mwaka wangu wa pili kwenye rojo nilikabidhiwa kipimajoto kipya cha mshale. Nilikuwa nimefundishwa, nikiwa kwenye mafunzo Dar es Salaam, kwamba kipimajoto hukaguliwa kwa maji yanayochemka: kikisoma 100 kiko sawa, kisiposoma 100 unazungusha nati ya nyuma hadi kisome. Nikachemsha maji. Kikasoma 94. Nikaona kibovu, nikazungusha nati hadi 100, nikaandika kwenye daftari kuwa nimekirekebisha. Kwa wiki tatu tulipasha rojo hadi mshale ulipogusa 90, tukahesabu dakika, tukajaza. Tulipeleka ndoo themanini za kilo ishirini kwa mteja.

Zilirudi. Hazikuwa zimechacha, hazikunuka, ila kila ndoo ilikuwa na mabonge, na juisi waliyokwisha kuichanganya ilikuwa imetengana kwenye chupa dukani. Nilijua nimefuata kila hatua. Nilikaa na daftari usiku kucha nikitafuta kosa. Fundi mmoja mzee wa mitambo ya mvuke, aliyekuja kutengeneza boila, ndiye aliyeniuliza: "Mwanangu, hicho kipimajoto umekipima wapi?" Nikamwambia, hapahapa. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hapa maji hayafiki mia."

Maji huchemka kwa nyuzi 100 ukiwa usawa wa bahari. Kila unapopanda kama mita 300, hewa inapungua uzito na maji yanachemka nyuzi moja chini zaidi. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700, kwa hiyo maji yanachemka kwa 94 na kidogo. Iringa ni karibu 95. Njombe, ambako ni juu zaidi, yanakaribia 93. Ukishuka Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, mita 500 hivi, yanarudi hadi 98. Kipimajoto changu kilikuwa kizima tangu kinatoka dukani. Mimi ndiye niliyekiharibu kwa nyuzi sita. Kiliposoma 90, rojo lilikuwa kwenye 84. Hamira zilikufa, ndiyo maana hakuna ndoo iliyochacha. Kimeng'enya kilibaki.

Tangu siku hiyo nakagua vipimajoto kwa barafu. Ponda barafu ya maji safi, jaza kikombe, ongeza maji ya baridi kidogo ili yajaze nafasi, koroga, tumbukiza, subiri dakika chache. Lazima kisome sifuri, na sifuri ya barafu ni ileile Tanga, Tukuyu au Makete. Ukitaka kukagua na kwenye joto la juu, chemsha maji lakini ujue mji wako maji yanachemka kwa ngapi, na namba hiyo iandike ukutani kwa rangi.

Jambo hili lina maana nyingine pia. Ukiwa unatumia sufuria la wazi hapa Mbeya, usipoteze kuni au gesi kusubiri 95. Haifiki, rojo litachemka na kufurika povu kabla. Lenga 90, shikilia dakika mbili, koroga bila kuacha kwa mwiko mpana unaofika chini, na upime katikati na ukingoni. Ukiona katikati 90 na ukingoni 93, uko salama. Ukiona ukingoni 93 na katikati 82, hujamaliza, hata kama mvuke unakufanya ushindwe kuona. Rojo likiwa zito kupita kiasi changanya na juisi yake, nusu kwa nusu, ndipo litembee na joto lisambae. Mitambo ya mabomba inayopasha kwa kusukuma rojo chini ya shinikizo haiathiriwi na mwinuko, kwa sababu pampu inaweka uzito ambao hewa yetu haina. Ukipata nafasi ya kufanya kazi kwenye mtambo kama huo, bado kipimajoto chake kikague kwa barafu.

Na hivi ndivyo utakavyojua kama umekiua kimeng'enya bila maabara. Chukua juisi kidogo kutoka kwenye rojo lililopashwa, weka kwenye chupa ya kioo, iache kwenye friji usiku mmoja. Kando yake weka chupa ya juisi mbichi ya machungwa hayohayo. Mbichi itajitenga, juu pakawa pangavu. Iliyopashwa vinyama vyake vinaweza kutua, lakini maji ya juu lazima yabaki na ukungu mweupe. Yakiwa maangavu, rudi kwenye sufuria.

Kujaza tunajaza likiwa bado na nyuzi 85 au zaidi, kwenye ndoo ngumu za plastiki ya chakula au mitungi ya kioo. Chupa laini za soda zitajikunja. Jaza karibu na ukingo ili hewa ibaki kidogo, funga, geuza ndoo kichwa chini dakika tatu ili moto uguse mfuniko, kisha ipoze haraka kwenye maji yanayotembea. Maji ya milimani kwetu ni ya baridi, yatumie. Ndoo ikiachwa ipoe yenyewe usiku kucha, katikati inabaki ya moto hadi asubuhi, na rojo linapata ladha ya kupikwa na rangi ya kahawia.

Hapa kuna jambo moja linalowatisha wageni. Ndoo ikija kutoka Tanga au Dar imevimba mfuniko, msiitupe kabla ya kuipima. Ilifungwa bondeni kwenye hewa nzito, imepanda hadi kwetu ambako hewa ni nyepesi, basi ile hewa ya ndani inatanuka, kama pakiti za krispi zinavyovimba kwenye maduka ya Njombe. Fungua kwa usafi, nusa, onja, pima Brix na ulinganishe na iliyoandikwa kwenye lebo. Brix ikiwa ileile na hakuna harufu ya pombe, funga tena. Ikivimba tena kesho yake, hiyo ni hamira, na Brix utaikuta imeshuka kwa sababu sukari imeliwa. Ndoo zetu zikishuka Dar zinafanya kinyume, mifuniko inazama ndani, na mpokeaji asiyejua anadhani zimebondwa. Huwa naandika kwenye hati ya mzigo kwamba zimejazwa Mbeya.

Anayetaka kugandisha, lengo ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Kosa ninaloliona kila mwaka ni mtu kuchukua ndoo ya kilo ishirini ya rojo la vuguvugu na kuitumbukiza kwenye friza ya nyumbani. Nje inaganda, katikati inabaki laini kwa siku mbili au tatu, na hapo hamira iliyoingia wakati wa kujaza inafanya kazi yake kwa raha. Lipoze kwanza hadi lifanane na maji ya bomba, kisha weka kwenye mifuko ya kilo tano iliyolazwa bapa, unene wa vidole vitatu, nafasi ikiwepo kati ya mfuko na mfuko hadi zigande. Zikishaganda, zipange zibanane. Umeme ukikatika usifungue mlango: friza iliyojaa na kufungwa inaweza kushikilia baridi kama siku mbili, iliyo nusu inashikilia siku moja. Rojo lililoyeyuka usiligandishe tena ukaliuza kama jipya. Na baridi ya Juni isikudanganye ukaacha ndoo barazani; inachelewesha hamira, haiziui.

Sasa dawa. Sodiamu benzoeti inafanya kazi nzuri kwenye asidi ya machungwa dhidi ya hamira, na potasiamu sobeti inasaidia zaidi kwa ukungu. Zote zinazuia tu vijidudu kukua. Haziui kimeng'enya, haziponyi rojo lililokwisha kuchacha, na haziondoi uchungu. Zipime kwa mizani ndogo ya gramu, kamwe kwa kijiko. Ziyeyushe kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, kisha uzimimine kidogo kidogo huku mwenzako akikoroga, kwa sababu benzoeti ukiimwaga kavu kwenye rojo kali inaganda punje punje na sehemu nyingine ya ndoo inabaki bila dawa. Lingine zito: benzoeti na vitamini C vikikaa pamoja kwenye kinywaji, hasa penye joto na mwanga, vinaweza kutengeneza benzeni, na benzeni husababisha saratani. Machungwa yana vitamini C yake ya asili. Ndiyo maana mimi huliuza rojo lililopashwa vizuri bila benzoeti kila mteja anapokubali, na akitaka iwepo, kiasi kinaandikwa kwenye lebo ili naye asiongeze juu yake bila kujua. Ukitumia dawa za salfa lazima ziandikwe pia, kuna wenye pumu zinawabana kifua. Viwango vinavyoruhusiwa vinatofautiana kati ya juisi na kinywaji cha kuongezwa maji, kwa hiyo chukua kiwango cha TBS (Shirika la Viwango Tanzania) cha bidhaa yako na ukisome mwenyewe. Tangu 2019 usalama wa chakula uko kwao, si TFDA (iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa) tena, ingawa watu wengi bado wanataja jina la zamani. Kwa mafunzo ya mwanzo, ofisi za SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, za Mbeya na Iringa ziko wazi kwa mtu yeyote, nenda na maswali yako yameandikwa.

Daftari. Kila bechi iwe na tarehe, shamba au lori lilikotoka, Brix, pH, joto la katikati, dakika, jina la aliyesimamia. Tunza ndoo ndogo moja ya kila bechi kwa muda uleule uliomwahidi mteja, na uifungue kila mwezi. Siku zile ndoo themanini ziliporudi, ni daftari lililotuonyesha kwamba tatizo lilianza siku ileile nilipogusa nati. Bila hilo tungelaumu machungwa ya mkulima wa watu.

Maganda na mabaki ni karibu nusu ya uzito wa mzigo ulioingia, na yakikaa siku mbili yanachacha, yanaita nzi, na nzi wanarudi kwenye rojo. Yatoke siku hiyohiyo. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Rungwe wanayachukua wakizoea. Waambie waanze na kidogo, wachanganye na majani makavu, na wayalishe yakiwa mabichi ya siku hiyo. Sisi lori lao linafika saa kumi jioni, na sakafu tunaiosha likishaondoka.